Kabla Hujameza Homoni kwa Ajili ya Mawazo: Hatua za Kufuata Ukiwa Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Siku hizi hapa Mwanza ukimwambia mtu kwamba hulali vizuri, unachoka bila kazi, unamfokea kila mtu nyumbani au unatokwa machozi tu, hujamaliza kueleza atakwambia, "Hizo homoni zako zimevurugika." Muda si mrefu anakutumia WhatsApp picha ya chupa ya "kubalansi homoni". Chupa hizi zinauzwa kwenye semina, saluni, vikundi vya kina mama, na hata mwaloni Kirumba zimefika. Mimi nafanya kazi kwenye dirisha la dawa, na watu wananiletea wakiuliza: hii ni salama?

Sitaki kumtisha mtu. Zipo shida za akili ambazo chanzo chake kweli ni homoni, na zipo tiba za homoni zinazorudisha watu kwenye maisha yao. Ila homoni ni amri inayotumwa mwili mzima: kiasi kidogo sana kikiingia kwenye damu kinagusa moyo, mifupa, hedhi, mbegu za kiume, usingizi na akili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio huu, na hatua ya pili ndiyo ninayoona ikirukwa kila siku.

Hatua ya 1: Kama hali ni mbaya, anza na hospitali leo

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukikaa siku kadhaa bila usingizi huku nguvu na maneno vinazidi, au kama mama aliyejifungua juzijuzi ameanza kuchanganyikiwa au kumwogopa mtoto wake, usisubiri kusoma hadi mwisho. Nenda idara ya dharura ya Bugando, Sekou Toure, au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Usiende peke yako, na mgonjwa asiachwe peke yake. Mliopo Ukerewe au kwenye visiwa vidogo, anzieni kituo cha afya mlichonacho ili wao wapange rufaa. Msikae na mgonjwa ndani mkingoja boti ya kesho. Namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, inaweza kukupa maelekezo ya wapi pa kwenda.

Hatua ya 2: Jua kwanza unaumwa nini, kwa kipimo cha kweli

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa aliniletea karatasi zenye rangi rangi alizopewa kwenye "kipimo cha mwili mzima". Estrojeni (homoni kuu ya kike) iko chini, thairoidi iko juu, ini limechoka, mifupa imepungua nguvu, ubongo unakosa hewa. Yote yameorodheshwa kwa vimshale vyekundu na kijani. Chini kabisa palikuwa na orodha ya chupa za kununua.

"Shikamoo mama. Walikutoa damu?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, nilishika chuma tu mkononi, kompyuta ikaandika yenyewe."

Hapo ndipo pa kuanzia. Hakuna mashine inayoweza kusoma homoni kwa kushikisha mtu chuma. Homoni hupimwa kwenye damu, na chache kwenye mate au mkojo, ndani ya maabara yenye mtaalamu anayesaini majibu. Ukiona kipimo na dawa vinatoka kwa mtu yuleyule anayepata kamisheni, inuka uende zako. Yule mama alipopimwa sawasawa, damu yake ilikuwa imepungua na choo kilionesha kichocho. Uchovu wake, kukosa hamu na moyo kwenda mbio akipanda kilima vilikuwa na maelezo, na tiba yake haikuwa ndani ya zile chupa.

Sisi wa kandokando ya ziwa hili tunapaswa kukumbuka kichocho kila mara mtu anapolalamika uchovu usioisha. Cha huku kwetu mara nyingi ni kile cha tumbo, hivyo kinatafutwa kwenye choo, na dawa yake ni prazikwanteli. Mvuvi, mchuuzi anayeingia majini kupokea samaki, mtoto anayeoga ziwani, wote wanaweza kuwa nacho.

Ukifika kwa daktari, mweleze dalili zako za mwili na za akili kwa pamoja, kisha muulize kuhusu vipimo hivi: wingi wa damu, sukari, VVU, ujauzito kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kichocho, na TSH. Hiyo TSH ndiyo ninayoomba uikumbuke kwa jina. Inaonesha kama tezi ya thairoidi, ile iliyopo shingoni, inafanya kazi. Tezi ikilegea mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anakosa choo, anasahau, anahuzunika; ukimtazama utasema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ikizidi kasi, mtu anatetemeka, anakonda, moyo unadunda, hapati usingizi. Utasema ni wasiwasi. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita anaweza kupata yote mawili, kwanza kasi halafu ulegevu, na watu wa nyumbani wakadhani ni mambo ya uzazi tu. Ukiona shingo imevimba, yaani rovu, ndiyo kabisa usikubali kuandikiwa chochote kabla ya kupimwa.

Kuna mtego mdogo hapa. Vidonge vya nywele na kucha vina biotini nyingi, na biotini inaweza kupotosha majibu ya thairoidi na vipimo vingine vya damu. Viache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na mwambie mtu wa maabara kwamba ulikuwa unavitumia. Kwa mwanaume anayetaka kupima testosteroni, homoni kuu ya kiume, nenda asubuhi, maana kiwango kinashuka kadiri siku inavyokwenda; na jibu moja la chini halitoshi, linarudiwa siku nyingine kabla ya kuamua tiba.

Majibu yote yakiwa sawa, haina maana kwamba unajifanya. Sonona na wasiwasi ni magonjwa kamili hata homoni zikiwa mahali pake, na yana tiba: mazungumzo na mtaalamu wa ushauri, dawa za kumeza, au vyote viwili. Bugando kuna idara ya afya ya akili. Kwenda kule hakukufanyi uitwe kichaa, na natamani watu wangekwenda mapema badala ya kuuza vitenge vyao ili wanunue virutubisho.

Hatua ya 3: Tambua ni homoni gani imo ndani ya chupa

Muulize muuzaji jina la kitu chenyewe. "Virutubisho vya homoni" si jina. Utakutana zaidi na hivi.

DHEA. Inatengenezwa na tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na mwili huigeuza kuwa testosteroni na estrojeni. Marekani inauzwa madukani kama kirutubisho kwa sababu ya sheria yao ya mwaka 1994, ambayo haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kwamba bidhaa inafanya kazi kabla ya kuiuza. Kanada ni dawa inayodhibitiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "Wazungu wanakunywa kama maji", mwambie inategemea Wazungu wa wapi. Ushahidi wake kwa sonona upo, ila ni mdogo: mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha jaribio la watu 46 wenye sonona, wenye miaka 45 hadi 65, waliopewa DHEA kwa wiki 6 chini ya uangalizi, na wengi zaidi walipata nafuu walipokuwa kwenye DHEA kuliko walipokuwa kwenye kidonge kitupu kisicho na dawa. Ni habari njema, lakini watu 46 kwa wiki 6 hawawezi kutuambia kitakachompata dada wa Buhongwa atakayemeza miaka miwili bila kupimwa. Madhara yanayojulikana ni chunusi, ndevu kwa wanawake, sauti kuwa nzito (na hii inaweza isirudi), lehemu nzuri kushuka, hasira, moyo kupoteza mpangilio wa mapigo yake, na kwa watu wenye bipola (ugonjwa wa akili kupanda na kushuka kupita kiasi) au wenye ndugu wa damu mwenye bipola, akili kupanda hadi kuhitaji kulazwa. Mwenye historia ya saratani ya matiti, ya mji wa mimba au ya tezi dume asiiguse. Mwanamichezo pia ajue kwamba imepigwa marufuku michezoni.

Melatonini. Hii ndiyo yenye hatari ndogo kati ya zote, nayo ni homoni ya kuuambia ubongo kwamba usiku umeingia. Inaweza kumsaidia mtu ambaye saa yake ya mwili imesogea, lakini haitibu sonona. Tatizo kubwa liko kwenye chupa. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2017 ulipima bidhaa 31 za melatonini: kuna iliyokuwa na pungufu ya asilimia 83 kuliko lebo, na kuna iliyozidi kwa asilimia 478. Bidhaa 8 zilikuwa na serotonini ambayo haikuandikwa popote, na hilo ni hatari kwa mtu anayetumia dawa za sonona.

Wanaoniuliza sana kuhusu melatonini ni wavuvi wa dagaa, kwa sababu wao hufanya kazi usiku wa giza na kulala mchana kambini, kwenye joto la mabati na kelele za redio. Kwao nasema: kabla ya kidonge, funga macho kwa kitambaa cheusi, laleni upande wa kambi ulio mbali na jiko na redio, acha chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu saa kadhaa kabla ya kulala, na siku za mbalamwezi mnapopumzika jitahidini kulala usiku. Ukiimeza, usishike injini ya mtumbwi wala bodaboda kwa muda wa saa 5 baada yake, na usiichanganye na pombe.

Thairoidi na "tezi kavu za wanyama". Zinauzwa kama dawa ya uchovu na ya kupunguza unene. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipima virutubisho 10 vya thairoidi vinavyouzwa bila cheti, wakakuta 9 vina homoni yenyewe ya thairoidi, iitwayo T3. Mtu ambaye tezi yake ni nzima akimeza hiyo, anajitengenezea ugonjwa wa wasiwasi kwa mkono wake: mapigo ya moyo kwenda ovyo, kutetemeka, kukosa usingizi, na baadaye mifupa kupungua. Madaktari wa akili wakati mwingine huongeza homoni ya thairoidi juu ya dawa ya sonona isiyofanya kazi vizuri, lakini wanapima damu kabla na baada.

Testosteroni na vinavyoitwa vya kuiongeza. Vijana wa gym, tafadhali. Testosteroni ya nje hufanya korodani zipumzike: ubongo ukiona kiwango kwenye damu kimetosha, unasitisha amri, kama boya la tanki linavyofunga bomba maji yakijaa. Mbegu zinapungua, wakati mwingine hadi kuisha, na kurudi kwake kunaweza kuchukua miezi mingi. Damu nayo inakuwa nzito. Baadhi ya wanaoacha ghafla huangukia kwenye huzuni nzito.

Steroidi zilizofichwa. Hizi ndizo ninazoziogopa kuliko zote, kwa sababu mara nyingi hakuna anayeziita homoni. Deksamethasoni na prednisoloni ni ndugu wa kotisoli, homoni ya mwili wakati wa msukosuko. Zinaokoa maisha zikiandikwa na daktari. Lakini ndizo zilizomo kwenye baadhi ya "vidonge vya kunenepa", na ndugu zake kama klobetasoli wamo kwenye krimu kali za kujichubua. Mtu anazitumia, anajisikia ana hamu ya kula na furaha ya ajabu, uso unakuwa mviringo, anasema dawa imemkubali. Kisha vinafuata kukosa usingizi, hasira, sukari na presha kupanda, na kwa wengine kuchanganyikiwa kabisa. Kirutubisho kinachokupa nguvu na raha ndani ya siku mbili tatu kikushtue.

Niongeze jambo moja la upande wa pili, ili nisionekane napinga kila kitu. Mwaka 2019 Marekani waliidhinisha breksanoloni kwa sonona ya baada ya kujifungua, nayo imetengenezwa kwa kufuata homoni ambayo mwili huitoa kutokana na projesteroni. Ilikuwa ikitolewa kwa dripu ya saa 60, mama akiwa kitandani hospitalini na kipimo cha hewa kidoleni, kwa sababu inaweza kumlaza mtu ghafla hadi kuzimia. Homoni inayofanya kazi kweli kwenye akili inalindwa hivyo. Chupa ya kwenye kapu haiwezi kuwa na nguvu ile bila kuwa na hatari ile.

Hatua ya 4: Soma chupa, kisha mhoji muuzaji

Geuza chupa. Tafuta jina la kila kiambato na kiasi chake kwa miligramu, jina na nchi ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Wakiandika "mchanganyiko maalum" bila kutaja kiasi cha kila kimoja, rudisha. Karatasi ya lebo iliyobandikwa juu ya lebo nyingine, rudisha.

Tangu mwaka 2019 dawa zinasimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na chakula na vipodozi vikahamia TBS (Shirika la Viwango). Wauzaji wanalitumia pengo hilo vizuri: wakiulizwa na mkaguzi wanasema ni chakula, wakiwa na wewe wanasema inatibu. Muulize wazi: "Kaka, hii ni dawa au chakula?" Akisema dawa, omba namba ya usajili wa TMDA. Akisema chakula, basi hana haki ya kukuahidi kwamba itaponya sonona. TMDA wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, na unaweza kwenda na chupa mkononi kuuliza.

Ukiambiwa "haina madhara kwa sababu ni ya asili", kumbuka kwamba ile tezi kavu ya ng'ombe ni ya asili pia.

Hatua ya 5: Taja kila kitu unachotumia

Dawa ya sonona, ya kifafa, ya presha, ya kuyeyusha damu, ARV, uzazi wa mpango, mizizi ya mganga, konyagi. Vyote. Mfamasia hakuhukumu, anatafuta vinavyogombana.

Mifano michache. Karbamazepini, inayotumika kwa kifafa na bipola, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Litiamu, dawa ya bipola, inaweza kulegeza tezi ya thairoidi, kwa hiyo huzuni inayorudi kwa mtu wa litiamu inahitaji TSH kabla ya kitu kingine. Melatonini inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuyeyusha damu. Dolutegravir iliyomo kwenye ARV za sasa inaweza kuleta kukosa usingizi. Mara nyingine kuhamishia dozi asubuhi kunatosha, ongea na kliniki yako. Na usiache ARV wala dawa ya akili kwa sababu muuzaji wa virutubisho amesema "mwili upumzike kwanza". Hiyo sentensi imewarudisha watu wodini.

Mjamzito na anayenyonyesha: hakuna homoni ya kujinunulia. Mtoto vilevile.

Hatua ya 6: Mkikubaliana na daktari, anza kwa utaratibu

Kitu kimoja kwa wakati, dozi ya chini, na tarehe ya kurudi kupimwa ikiwa imeandikwa kabla hujaanza. Kwenye daftari dogo andika kila jioni saa ulizolala, hali ya moyo kwa alama ya 0 hadi 10, na chochote kipya mwilini. Mwombe mtu mnayeishi naye akuangalie pia, kwa sababu mtu ambaye akili inapanda huwa anajiona yuko vizuri kuliko wakati wowote. Mkeo, mumeo au dada yako ataona kwanza kwamba hulali, unaongea bila kituo na unatoa hela ovyo.

Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi anaweza kupewa tiba ya homoni kwa joto la ghafla na usingizi mbovu, na hali yake ya moyo ikaboreka sana. Aiombe hospitalini. Mwenye mji wa mimba akipewa estrojeni peke yake bila projesteroni, hatari ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba inaongezeka, na krimu za mitandaoni hazikupi uhakika kwamba umepata projesteroni ya kutosha.

Hatua ya 7: Kama ulishaanza, usikimbilie kuacha

Melatonini unaweza kuiacha. DHEA, testosteroni na thairoidi, mweleze daktari ili akupangie na kukupima. Lakini kama umemeza vidonge vya kunenepa, prednisoloni au deksamethasoni, au umepaka krimu kali mwili mzima kwa zaidi ya wiki 3 hivi, usiache ghafla. Tezi zako za adrenali zinaweza kuwa zimelala, na zinaamka taratibu. Ukiwa umeshaacha na ukaanza kutapika, kulegea, kuumwa tumbo, kizunguzungu ukisimama au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: nenda hospitali na useme kwa maneno haya, "Nilikuwa natumia steroidi, nimeacha siku kadhaa zilizopita." Sentensi hiyo inaweza kuwaokolea muda mwingi.

Hatua ya 8: Toa taarifa

Ukipata madhara, usiitupe chupa wala kuona aibu. Weka chupa na boksi lake kwenye mfuko, andika tarehe uliyoanza, ulimeza ngapi kwa siku, nini kilitokea na lini, na uliinunua wapi. Mpelekee mfamasia au ofisi ya TMDA. Kuna fomu ya kuripoti madhara ya dawa, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kutoa taarifa. Bakiza vidonge viwili vitatu ndani, vitahitajika kwa uchunguzi wa maabara.